Chuo Hakina Shahada ya Fedha: Niende Marekani au Nibaki Nairobi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, natoka Kilifi. Nimepata nafasi na ufadhili katika chuo kidogo huko kaskazini-mashariki ya Marekani, chuo cha aina wanayoiita liberal arts. Tangu kidato cha pili nataka kuwa mchambuzi wa uwekezaji, lakini chuo hicho hakina shahada ya fedha. Kina uchumi, hisabati, historia, fasihi na kadhalika. Papo hapo nimeitwa kusoma BCom Nairobi, upande wa fedha. Baba anasema kupanda ndege ukakae miaka minne kusoma mashairi ni kuichezea bahati. Nifanye lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa yote mawili. Nimechambua hatifungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni) na hisa kwa miaka mingi kabla sijaanza kufundisha. Nimesailiwa na nimesaili, na wengi wa niliowasaili walikuwa vijana wa umri wako. Kwa maoni yangu uende, ila kwa masharti. Jina la shahada si mojawapo ya masharti hayo.

Tuanze na baba, maana hofu yake ina sababu. Wengi huitafsiri liberal arts kuwa "sanaa huria", na tafsiri hiyo imewagombanisha wazazi na watoto bure. Mzee akisikia sanaa anaona brashi na rangi. Akisikia huria anakumbuka Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, yaani kusoma ukiwa kwako. Hapa si sanaa wala si huria kwa maana hiyo. Mimi huviita vyuo vya elimu pana. Ni vyuo vidogo, vingi vina wanafunzi kati ya elfu moja na elfu tatu hivi. Mwanafunzi hutangaza somo lake kuu kuelekea mwisho wa mwaka wa pili, na hisabati, fizikia na uchumi zimo humo sawasawa na hayo mashairi. Williams kilianza mwaka 1793, Amherst 1821, Swarthmore 1864. Patrick Awuah, Mghana aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Ashesi mwaka 2002, alisoma Swarthmore. Msomee baba habari hizo kabla hamjaanza kubishana.

Sasa, kwa nini hawana shahada ya fedha? Si kwa umaskini. Wanaona elimu ya fedha ni tawi, na wao wanafundisha shina. Hoja yao ina uzito, maana historia ya fani yenyewe inawaunga mkono. Mwaka 1952 kijana mmoja wa Chicago, Harry Markowitz, alionyesha kwa hesabu namna ya kugawanya mali katika uwekezaji mbalimbali ili kupunguza hatari. Alipokwenda kuitetea tasnifu yake, mwanauchumi mashuhuri Milton Friedman alimwambia hiyo si tasnifu ya uchumi. Mwaka 1990 Markowitz alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi hiyohiyo. Fischer Black, ambaye jina lake limo katika kanuni ya mwaka 1973 ya kupangia bei mikataba ya chaguo la kununua hisa, shahada yake ya kwanza ilikuwa ya fizikia. Walioijenga fani hii walitoka kwingine.

Wapo watakaokutajia KKR, kampuni kubwa ya uwekezaji iliyoanzishwa mwaka 1976. Ni kweli: Jerome Kohlberg alisoma Swarthmore, na binamu wawili, Henry Kravis na George Roberts, walisoma Claremont McKenna, chuo cha elimu pana cha California. Lakini usivimbe kichwa kwa mfano huo. Wote watatu waliongeza shahada nyingine baadaye, za biashara au za sheria, na hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji viza ili afanye kazi New York. Wewe utaihitaji, na nitarudi hapo kwa urefu.

Nikueleze kwanza kwa nini mimi mwenyewe, niliyesomea fedha hapahapa, ninavitamani vyuo hivi.

Chukua hatifungani itakayokulipa shilingi 100,000 baada ya mwaka mmoja. Riba sokoni ikiwa asilimia 12, leo hatifungani hiyo ina thamani ya shilingi 89,286. Riba ikipanda hadi 16, thamani inashuka hadi 86,207. Mantiki yake unaielewa leo jioni, na wiki ikiisha unaweza kuipangia jedwali la Excel. Sehemu kubwa ya kozi za mwanzo za fedha ni hesabu hiyohiyo iliyovishwa nguo tofauti: mara hatifungani, mara hisa, mara mradi wa kiwanda. Ni lazima uijue, lakini haikuhitaji miaka minne.

Ugumu uko kwenye swali moja: kwa nini riba ipande kutoka 12 hadi 16, na lini? Kumbuka yaliyotokea Kenya. Mwaka 2014 serikali ilikopa katika soko la kimataifa kwa hatifungani ya miaka kumi iliyolipa asilimia 6.875. Deni hilo, dola bilioni 2, lilikuwa linaiva Juni 2024. Mwezi Januari mwaka huo dola moja ilikaribia shilingi 160, na watu wengi sokoni waliogopa kwamba Kenya haitalipa. Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5, safari hii kwa asilimia 9.75, ikalinunua mapema sehemu kubwa ya lile deni la zamani. Hofu ikatulia, na baada ya wiki chache dola ilikuwa karibu na shilingi 130. Aliyeuza hatifungani za Kenya kwa hofu Januari alijuta Machi.

Halafu ikaja Juni. Tarehe 25 vijana wakaingia Bungeni kuupinga Muswada wa Fedha uliokusudia kuongeza kodi, kesho yake Rais akatangaza kwamba hatausaini, na Julai Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikaishusha Kenya hadi Caa1, daraja la wakopaji wa hatari kubwa. Mchambuzi aliyekuwa na Excel peke yake alishtukizwa. Aliyesoma historia ya kodi, aliyejua serikali ikishindwa kukusanya inachohitaji hukopa, na ikishindwa kukopa hurudi kukamua, huyo hakujua tarehe lakini alijua pa kuangalia. Darasa la historia au la sayansi ya siasa, lile baba analoliita kupoteza bahati, ndipo utakapoyapata macho hayo. Na darasa la fasihi litakufundisha kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka. Sitanii: nimesoma ripoti za uwekezaji zenye hesabu sahihi kabisa ambazo mkurugenzi hakuzimaliza kwa sababu mwandishi alizunguka kama anayetafuta choo gizani.

Basi tuje kwenye masharti.

La kwanza ni hisabati. Kwenye chuo cha elimu pana hakuna atakayekulazimisha, na hapo ndipo vijana wengi wanapopotea. Unaruhusiwa kuchagua, kwa hiyo unachagua kilaini. Usifanye hivyo. Muhula wa kwanza kabisa chukua kalkulasi, au anzia juu yake kama mtihani wa kujipima utakuruhusu. Baadaye aljebra ya mistari, nadharia ya uwezekano, takwimu, kisha ekonometriki, yaani kupima madai ya uchumi kwa data. Ongeza kozi moja au mbili za kuandika programu za kompyuta. Somo lako kuu liwe uchumi, au uchumi na hisabati pamoja. Kijana mwenye uchumi wenye hisabati nzito hamwogopi yeyote mwenye shahada ya fedha. Mwenye uchumi mwepesi wa kusimulia, huyo baba yako atakuwa amemtabiri vizuri.

Uhasibu ni tatizo la pekee, kwa sababu vyuo vingi vya namna hii haviufundishi, na mchambuzi asiyeweza kusoma mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni, ni kama nahodha asiyejua kusoma maji. Angalia kama chuo chako kina ushirika na jirani. Wanafunzi wa Amherst, Smith na Mount Holyoke wanaruhusiwa kuchukua kozi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst. Wa Wellesley huvuka kwenda MIT. Wa Pomona huchukua uhasibu na fedha hapo jirani Claremont McKenna, chuo ambacho, kinyume na wenzake, fedha kimezitilia mkazo waziwazi. Ikiwa chuo chako hakina jirani wa hivyo, soma uhasibu likizo kwa mtandao, kisha jipime kwa vitu halisi: chukua taarifa za mwaka za Safaricom au za benki yoyote iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi, ziko wazi kwa umma, uone kama unaweza kueleza faida ilitoka wapi na fedha taslimu zilikwenda wapi. Mara nyingi majibu ya maswali hayo mawili hayafanani, na hapo ndipo uchambuzi unapoanzia.

Sharti la pili wengi hawalisikii mpaka muda umepita, kwa hiyo lisome polepole. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 akihitimu hupewa miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake. Wenye shahada zinazohesabiwa kuwa za sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati huongezewa miezi 24, jumla miaka mitatu. Uchumi uko upande gani? Inategemea namba. Kila shahada Marekani ina namba ya serikali. Uchumi wa jumla ni 45.0601, na haumo katika orodha ya nyongeza. Ekonometriki na uchumi wa kitakwimu ni 45.0603, nao umo. Vyuo viwili vinaweza kufundisha kozi zilezile, kwa vitabu vilevile, kimoja kikasajili namba ya kwanza na kingine ya pili, na wahitimu wao wakatofautiana kwa miaka miwili ya maisha. Namba hiyo huandikwa chini ya somo lako kwenye I-20, fomu ambayo chuo hukupa kwa ajili ya viza. Na shahada ya fedha yenyewe, ile ya kawaida, 52.0801? Nayo haimo. Kwa maana hiyo uchumi wa chuo chako unaweza kukufaa kuliko hiyo fedha unayoililia.

Miaka mitatu ina maana gani? Ili mhitimu aendelee kubaki kazini, mwajiri wake kwa kawaida humwombea viza ya kazi iitwayo H-1B, na hizo ni 85,000 kwa mwaka kwa makampuni, zinazogawiwa kwa bahati nasibu. Mwenye miezi 12 anaweza kujaribu mara moja tu. Mwenye miezi 36 anaweza kujaribu hata mara tatu. Waajiri wanaijua hesabu hii vizuri kuliko wanafunzi. Sheria zenyewe nazo hazitulii: Septemba 2025 ilitangazwa ada ya dola 100,000 kwa baadhi ya maombi mapya ya viza hiyo. Panga safari yako ukijua kurudi nyumbani ni mojawapo ya matokeo ya kawaida kabisa, si aibu.

Hapohapo uliza kuhusu mafunzo ya kiangazi. Kuna ruhusa inayokuwezesha kufanya kazi nje ya chuo kama sehemu ya masomo, baada ya kumaliza mwaka wa kwanza. Baadhi ya vyuo vya elimu pana huitoa kwa shida, kwa sababu mitaala yao haihitaji mafunzo kazini. Ukikosa hiyo, utatumia miezi ileile 12 kabla ya kuhitimu, yaani unakula mbegu. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni inajua jibu, na swali hili halimuudhi mtu.

Sharti la tatu ni kalenda, na hapa vyuo hivi vinawaponza watoto wetu kwa nia njema kabisa. Chuo kinakwambia: tulia, onja kila kitu, tangaza somo lako mwisho wa mwaka wa pili. Benki kubwa za New York hazisubiri. Mlango wao mkuu wa ajira ni mafunzo ya kiangazi kinachofuata mwaka wa tatu, na maombi hufunguliwa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Hesabu mwenyewe: unaombwa useme kwa nini unaipenda kazi hii ukiwa bado mwaka wa pili, labda hata uchumi hujautangaza. Mwenzako Mmarekani kaka yake alishamweleza haya mezani akiwa sekondari. Wewe hukuelezwa na mtu, basi nakueleza mimi. Ingia klabu ya uwekezaji muhula wa kwanza. Vyuo vingi vina mfuko mdogo unaosimamiwa na wanafunzi, na hapo utajifunza kutetea hisa moja mbele ya watu kumi wanaotaka kukuangusha.

Kisha waandikie waliohitimu hapo. Najua, sisi tumelelewa kutomsumbua mkubwa tusiyemjua, na barua ya "naomba dakika ishirini za muda wako" inatuwasha mkono. Kwao ni jambo la kawaida. Vyuo vidogo vina faida hapa, maana wahitimu ni wachache na wanajuana. Mtu wa miaka hamsini atamjibu mtoto wa mwaka wa pili kwa sababu tu walilala bweni moja. Andika kwa ufupi, uliza jambo mahususi, na usiombe kazi katika barua ya kwanza.

Kuhusu fedha zako mwenyewe. Umeandika "ufadhili", hukuandika "ufadhili kamili". Vyuo ghali vya aina hii hutoza zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka ukijumlisha ada, chakula na malazi, kwa hiyo hata asilimia tano iliyobaki inaweza kuliuza shamba la babu. Uliza kama nauli imo, bima ya afya imo, na utalala wapi bweni likifungwa Desemba. Kabla hujaondoka kuna dola 350 za usajili wa mwanafunzi wa kigeni na 185 za viza. Ukifika, unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Na kuna kodi, ambayo sijawahi kukutana na mzazi aliyeambiwa mapema. Sehemu ya ufadhili inayolipia ada haitozwi kodi. Inayolipia chakula na malazi inatozwa. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukukinga, kwa hiyo chuo kinaweza kukata asilimia 14 ya sehemu hiyo. Kama chakula na malazi ni dola 18,000, hapo ni dola 2,520. Vyuo vingine huifidia, vingine humwachia mwanafunzi. Nimewahi kumwona kijana akilia nje ya ofisi ya fedha kwa bili ya namna hii, na hakuna aliyekuwa amemdanganya. Hakuna aliyekuwa amemwambia, basi.

Tuseme sasa umerudi Nairobi na shahada yako ya uchumi. Ofisa wa ajira atatazama jina la chuo chako na hatalijua. Usimlaumu. Mpelekee kitu anachokijua. Mtihani wa kwanza wa CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, unaweza kuufanya ukiwa umebakiza miezi 23 au pungufu kuhitimu, na ukifaulu, hakuna wa Nairobi wala wa London atakayeuliza kama ulisoma fedha. Hapa nyumbani kuna pia CIFA, cheti cha wachambuzi kinachotolewa na kasneb, bodi ya mitihani ya Kenya, na sheria ya mwaka 2015 inayosimamia taaluma ya wachambuzi wa uwekezaji na fedha. Kama unaona maisha yako yako hapa, ulizia mapema masharti ya uanachama.

Sasa nimtendee haki baba. Upo wakati ningekwambia baki. Kama unachokitaka hasa ni uhasibu na ukaguzi wa hesabu, BCom pamoja na CPA, cheti cha wahasibu, ni njia fupi, na wenzako wa darasani ndio utakaokutana nao katika benki na makampuni ya Nairobi kwa miaka thelathini. Mtandao huo hauna bei. Kama ufadhili una pengo ambalo familia italifunika kwa mkopo, baki. Kama hisabati huipendi na unatarajia kuikwepa, baki pia, maana chuo cha elimu pana kitakuruhusu kuikwepa hadi siku ya kuhitimu.

Kwa kawaida vyuo vya Marekani hutaka jibu ifikapo tarehe 1 Mei. Kabla ya hapo kiandikie chuo chako barua mbili. Ya idara ya uchumi iulize namba ya shahada, orodha ya kozi za hisabati zinazohitajika, na wapi mwanafunzi anaweza kupata uhasibu. Ya ofisi ya ufadhili iulize kuhusu kodi, bima, nauli na likizo ya Desemba. Majibu yakija, yasome pamoja na baba, kwa sauti, na mkabidhi yeye kalamu apige hesabu ya dola. Mtu aliyeshika kalamu huuliza maswali mazuri kuliko anayekataa tu. Kisha nitumie nakala ya hiyo orodha ya kozi, tuipange miaka minne pamoja.